Ufa wa Kiangazi Usizibwe Kiangazi

Mvua za Singida hukoma mwezi wa nne, zikijikokota sana wa tano, na hazirudi mpaka Novemba iwe inaishia au Desemba imeingia. Katikati hapo ni kiangazi kitupu: jua kali mchana, baridi usiku, na upepo unaovuma kutwa nzima kuanzia Ilongero hadi Ikungi hadi nyika za Manyoni. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, na mipini ya visu nayo inapasuka. Ndiyo maana nimeona nizungumze juu ya visu sasa, kabla hamjaharibu kwa mikono yenu kitu ambacho kiangazi peke yake hakikuweza kukiharibu.

Sizungumzii visu vya jikoni. Ni vile vya kukunja, vya mfukoni, ambavyo wazee wetu wengi hawavuki kizingiti bila kuwa navyo: cha kukatia kamba ya mbuzi, kumenyea embe, kuchongea fimbo, kufungulia gunia la alizeti. Na kati ya hivyo nawalenga ninyi mlioachiwa kisu chenye mpini wa mti uliotiwa njumu, pale fundi alipochimba mti mmoja akapachika ndani yake kipande cha mti wa rangi nyingine, labda mpingo mweusi katikati ya mninga, vyote vikakaa juu ya bamba la shaba na kushikwa kwa ribiti. Kisu cha namna hiyo hukinunui tena dukani. Aliyekitengeneza pengine ameshafariki, na aliyekuachia pia.

Swali la vijana kuhusu visu hivi ni lilelile kila mwaka: pembeni ya njumu kumetokea ufa mwembamba, gundi nimeshanunua, nizibe vipi? Jibu langu ni kwamba usizibe. Weka gundi kabatini kwanza, mwanangu, na kabla hatujafika kwenye kisu tuiangalie hiyo haraka yako.

Najua umelelewa na methali ya ufa na ukuta, nami pia. Ni methali ya kweli, lakini ilisemwa juu ya ukuta. Ukuta wa udongo ukipasuka hauna namna ya kujirudi. Mti unayo. Mti, hata ukishakatwa, ukakaushwa, ukapigwa randa na kusuguliwa msasa mpaka ukang'aa, bado unavuta unyevu wa hewa na kuutoa. Ukiuvuta unatanuka, ukiutoa unasinyaa. Kwa urefu wa nyuzi zake karibu hausogei kabisa. Unasogea kwa upana, na tena si kwa kipimo kimoja, kwa maana upana unaofuata duara za ukuaji husogea kiasi cha mara mbili ya ule unaotoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Mninga unasifika kwa utulivu, ndiyo maana maseremala wa Tabora na Singida wanaupenda kwa milango na makabati. Mpingo ni mzito hata ukitiwa majini unazama, na hukauka polepole mno. Shaba na chuma havina habari na unyevu. Kwa hiyo ndani ya kisu kimoja vimefungiwa vitu vitatu ambavyo kila kimoja kinaishi kiangazi kwa namna yake, na ribiti zilezile zinavilazimisha vikae pamoja.

Ufa unaouona Agosti, basi, mara nyingi si jeraha. Ni mti uliosinyaa ukaacha nafasi. Mvua zikishanyesha majuma kadhaa, mti unarudi na nafasi inajifunga yenyewe, wala hutajua ilikuwa wapi.

Sasa fikiria umeshaijaza nafasi hiyo gundi ngumu. Desemba inafika, mti unatanuka, na pale palipokuwa pa kutanukia pameshikwa. Ama njumu itainuka kutoka mahali pake, ama nyuzi za mti zitajiponda zenyewe kwenye ile gundi, na nyuzi zilizopondeka hazirudi tena umbo lake. Kiangazi kinachofuata mti unasinyaa ukianzia kwenye upungufu huo, na ufa unakuwa mpana kuliko ule wa kwanza. Ukiuziba tena, mwaka wa tatu utakuwa mpana zaidi. Nimeona mipini iliyokufa hivyo, kwa kuzibwa kila kiangazi na mtu aliyekuwa anaipenda kwa dhati.

Wanaotumia mpingo wetu huko nje wanalijua jambo hili vizuri. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji ndio unaotengenezwa klarineti na oboe, vyombo vya kupuliza vya Ufaransa na Ujerumani vinavyouzwa kwa mamilioni ya shilingi. Mwanafunzi anayenunua klarineti mpya huambiwa na mwalimu wake asiipige zaidi ya dakika chache kwa siku katika majuma ya mwanzo, aikaushe ndani kila akimaliza, na asiipulizie pumzi yenye joto ikiwa bado ina baridi ya nje, kwa sababu mti utapasuka. Hakuna dawa ya chupa anayopewa badala ya subira hiyo. Chombo cha bei kubwa namna ile kinalindwa kwa kujua saa ya kukishika na saa ya kukiacha.

Nirudi kwenye haraka yako. Ukimwuliza kijana kwa nini anataka ufa uzibwe leo, jibu lake halihusu kisu. Linamhusu baba mkubwa atakayepita wiki ijayo akitokea Kiomboi. Linamhusu kaka aliyetaka kisu hicho apewe yeye. Linahusu aibu ya kuonekana kwamba umekabidhiwa kitu cha marehemu na mwaka haujaisha kimeshapasuka. Hapo ndipo ninapotaka usimame. Haraka ya namna hiyo haimtumikii aliyekuachia wala hakitumikii kisu. Inautumikia uso wako. Na mtu anayetengeneza kitu ili uso wake upone, atachagua kila mara njia inayoonekana upesi, na mara nyingi njia hiyo ndiyo inayovunja.

Nenda kwa baba mkubwa wewe mwenyewe, kabla hajapita. Mwamkie, kaa, toa kisu kikiwa kimekunjwa, mwambie, "Baba, kiangazi kimeacha alama hapa, nami nimeona nisikiguse mpaka mvua." Mzee aliyekaa na visu vya mti miaka mingi atakielewa kisu na atakuelewa na wewe. Huenda akakwambia kwamba ufa huo aliuona hapohapo, mikononi mwa baba yako, miaka ishirini iliyopita.

Utajuaje kuwa ni ufa wa msimu? Ufa wa msimu unafuata mpaka wa njumu na kipini, umenyooka, na ukipitisha ukucha juu yake unahisi mfereji tu, hakuna kinachocheza. Jeraha lina tabia nyingine. Huanzia kwenye tundu la ribiti na kukimbilia ukingoni kwa kufuata nyuzi, au hukata katikati ya njumu yenyewe, au ukigonga kipini kidogo kwa kucha unasikia sauti ya kitu kilichoachia. Chukua karatasi, uweke juu ya mpini, upake penseli mpaka mchoro wa ufa utokee, kisha uandike tarehe. Fanya hivyo tena baada ya mwezi. Ukiwa haurefuki, ngoja. Ukirefuka kuelekea ukingoni, acha kukitumia, na usubiri fundi.

Kungoja huku si kwa kisu peke yake. Ndugu wakigombana mwezi wa kwanza, ghala likiwa tupu na uwele bado mbichi shambani, mzee mwenye busara hawagawii mashamba siku hiyo. Anasikiliza, anawatenganisha kwa chakula na kwa maneno laini, na anangoja mavuno yaingie ndipo aone ni ugomvi gani uliobaki. Uliobaki ndio anaoushughulikia, na anaushughulikia kwa ukali kama unastahili.

Lakini asije mtu akanishika kwa neno "ngoja" akakitupa kisu juu ya dirisha mpaka Desemba. Kungoja kuna kazi zake. Ya kwanza ni kukiondoa juani na penye joto: dashibodi ya gari, kiti cha pikipiki kilichoachwa kituoni kutwa, kingo za dirisha la bati, pembeni mwa jiko. Joto la mahali hapo hukausha mti ndani ya saa chache kupita upepo unavyoukausha kwa mwezi. Kiweke ndani, ndani ya kitambaa cha pamba, kwenye sanduku la mbao au droo. Si ndani ya mfuko wa nailoni, maana jasho la mkono likifungiwa humo linazaa kutu kwenye bawaba.

Ya pili ni mafuta, na hapa niseme kwa urefu, kwa sababu makosa mengi hutendeka hapa na hutendeka kwa upendo.

Mafuta hayaulishi mti. Mti uliokatwa hauli. Kazi ya mafuta na nta ni kupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, ili mti usinyae taratibu badala ya kushtuka. Ukilielewa hilo utajua kwa nini kidogo kinatosha na kingi kinadhuru. Samli, mafuta ya karanga, mafuta ya kujipaka na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kukaangiwa hayakauki kamwe. Yanakaa mbichi, yanachacha, yananata vumbi. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanayouzwa kwenye maduka ya rangi na vanishi, yanakauka vizuri. Alizeti yetu iko katikati: mafuta yake yanakauka, ila polepole, na yakipakwa mazito yanabaki na ute unaonata kwa majuma. Hata hivyo sioni kwa nini mtu wa Singida, anayeishi kati ya mashine za kukamua alizeti, akose cha kupaka. Tumia mafuta safi yaliyochujwa, na uyachanganye na nta.

Nta tunayo pia. Wafuga nyuki wa Itigi na Manyoni wanatoa asali inayouzwa hadi mbali, na nta mara nyingi inathaminiwa kidogo kuliko asali. Omba kipande. Ichemshe kwa maji, ichuje kwa kitambaa, uiache igande juu, uondoe uchafu uliokaa chini yake. Kisha pima kwa uzito: nta sehemu moja, mafuta sehemu tatu au nne. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto zisizofika 65, kwa hiyo haihitaji moto wa moja kwa moja. Weka kikopo ndani ya sufuria yenye maji ya moto, ukoroge mpaka vilingane. Ikipoa utapata malai laini ambayo kikopo kimoja kitakutosha miaka mingi.

Paka kiasi cha punje ya mtama kwa ncha ya kidole, kwa kila upande wa mpini. Acha robo saa. Futa kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kisiache alama. Kiache kisu siku mbili au tatu bila kukitia mfukoni. Fanya hivyo mwezi wa tano mvua zikikatika, na tena mwezi wa nane. Mpingo wenyewe una mafuta ya asili na unataka kidogo mno; mninga na miti myepesi inataka kuzidi hapo kidogo tu.

Kitambaa ulichofutia mafuta ya kitani usikifinyange ukakitupa kwenye kona ya stoo. Mafuta yanayokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa hulifungia joto hilo ndani mpaka kinawaka chenyewe, bila kiberiti. Nyumba zimeungua hivyo. Kianike kimoja kimoja nje, kwenye kamba, mpaka kigande, au kilowe kwa maji kabla ya kukitupa. Nalitaja hili mahali pa nasaha kwa sababu mtu anayekitunza kisu cha babu na kuiacha nyumba ya jirani hatarini hajatunza kitu.

Mafuta hayo ya mti yasifike kwenye bawaba wala kwenye shaba ya ndani. Mafuta ya mbegu yakikaa juu ya shaba yanaigeuza kijani, na ule ukijani unaingia kwenye kingo za mti na kuutia doa. Bawaba ipewe tone moja la mafuta ya cherehani, kwa ncha ya kijiti cha meno, kisha ufungue na kukunja mara kadhaa na kufuta yanayotoka. Na ukiona weusi umezunguka ribiti ya chuma, usiukwangue ukidhani ni uchafu. Ni chuma na asidi ya mti vilivyokutana kwenye unyevu. Ukiikwangua alama hiyo unakula mti, nayo inakuambia tu kwamba siku moja kisu hiki kiliachwa na maji.

Msasa ni jaribu kubwa la vijana wanaopenda vitu ving'ae. Njumu ni nyembamba. Nyingi hazizidi milimita mbili. Kila ukisugua unaondoa kitu ambacho hakuna atakayekirudisha, na ukisugua kila mwaka, mwanao atarithi shimo. Tena vumbi la mpingo ni jeusi na laini sana. Likisuguliwa juu ya mti mweupe linaingia kwenye vinyweleo vyake na kuuchafua moja kwa moja. Miti myekundu kama mkurungu inatoa rangi, na ukiifuta kwa spiriti rangi inahamia kwa jirani. Alama za kucha, mikwaruzo ya funguo, kingo zilizolainika kwa kidole gumba cha mtu aliyekutangulia, ziache. Mng'aro wa duka si heshima kwa marehemu.

Usafi ni wa siku ileile. Kisu kilichochinja kuku kifutwe kabla hujakaa kula, na kilichokata limau au embe kifutwe kabla hakijakunjwa. Tumia kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Kisitiwe kwenye beseni pamoja na vyombo, kisisuguliwe kwa waya wa masufuria, na maji ya moto yasikiguse. Na ninyi mnaokaa mjini, msikisuuze Ziwa Singida wala Kindai mkitoka kutembea. Maji ya maziwa hayo yana chumvi, na chumvi inaendelea kuvuta unyevu kwenye chuma hata baada ya kisu kuonekana kikavu. Hata mitoni, kwenye maji matamu, mti ukilowa sana unabana. Wenye kisu cha Kifaransa kiitwacho Opinel, ambacho kimetengenezwa tangu 1890 kwa mpini wa mti, wanajua kwamba kikinyeshewa sana mpini unavimba na bapa la kisu halitoki. Anayejua hukiacha kikauke kivulini siku mbili. Asiyejua hukivuta kwa koleo.

Labda kuna anayesoma akasema, mzee huyu anahangaika na kisu kimoja kana kwamba ni cha mfalme. Basi asikilize: kisu cha kukunja kinachojulikana sana barani Afrika kwa mpini wake wa njumu ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe kwenye makoloni yake ya Afrika, na nchi yetu ilikuwa mojawapo. Mnyama ambaye jina lake kilipewa alikuwa ametambulishwa kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka mmoja tu kabla, kutoka misitu ya Kongo. Mpini wake ni wa mti, na ndani ya mti huo zimepachikwa nyota na mwezi mwandamo za madini. Utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1980. Kilikuwa tangu mwanzo kisu cha mkulima, mchungaji na kibarua, cha bei ndogo, na bado aliyekibuni aliona mtu huyo anastahili nyota na mwezi mkononi mwake. Kama fundi hakumdharau mwenye pesa kidogo, na wewe usikidharau kitu kwa sababu hakikugharimu kingi. Nimewaona watu wakipangusa simu ya mkopo mara kumi kwa siku, na kisu walichoachiwa na baba kimetupwa pamoja na misumari.

Kuna sababu nyingine ya kuujali mti kuliko chuma. Chuma na shaba vinaweza kuzaliwa upya. Wahunzi wa Kidatoga walio upande wa Ziwa Eyasi, jirani na Mkalama yetu, huyeyusha kufuli kuukuu na koki za mabomba wakatoa vikuku vya shaba, na misumari wakaifua kuwa vichwa vya mishale ya Wahadzabe. Mti hauyeyushwi. Mpingo unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Tangu 2017 jamii yote ya mpingo imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, jamii za mninga, mkangazi na mkongo za Afrika zikaingizwa pia. Kwa hiyo kipande kilichomo mpinini mwako, hata kama ni kidogo kuliko ukucha, ni cha mti uliosimama kabla babu yako hajazaliwa. Usiseme kirahisi kwamba utaking'oa na kuweka kipya. Na ikibidi kuweka kipya, usimtume mtu porini akate. Nenda kwa seremala, omba masalia. Chini ya benchi lake kuna vipande vya mninga ambavyo jioni vinakwenda jikoni.

Sasa niseme na wanaoazima na wanaouza.

Kisu cha mtu kinapokelewa kikiwa kimekunjwa na kinarudishwa kikiwa kimekunjwa, kikavu na kisafi kuliko ulivyokipokea. Kisitumike kufungulia soda, wala kupekechea waya, wala kugongea msumari kwa upande wa mpini. Kikipasuka mikononi mwako, sema siku ileile, ukiwa umekishika, na usingoje aulize. Sema kilichotokea jinsi kilivyotokea. Wapo wanaofikiri kukitengeneza kimyakimya kabla ya kukirudisha ni uungwana zaidi. Sivyo. Umemnyima mwenye kitu haki ya kuamua juu ya kitu chake, na kama nilivyoeleza, yumkini umekiharibu zaidi. Naye aliyeazimisha, akiambiwa ukweli, asimvue nguo mwenziwe mbele za watu. Ukimwaibisha anayekiri, utawafundisha wote wanaosikia kuficha.

Na minadani kuna hila nisiyoweza kuinyamazia. Ufa unajazwa nta iliyochanganywa na masizi, mpini unapakwa rangi ya viatu, kisu kinauzwa Oktoba kama kizima. Mvua za Desemba zinapofika ile rangi inachuruzika mkononi mwa aliyenunua, na muuzaji yuko mnada mwingine. Huo ni wizi, hata kama bei ilikubaliwa na mikono ikashikana. Hakuna msikiti wala kanisa mkoani humu lisilofundisha habari ya mizani ya haki. Muonyeshe mnunuzi ufa kwa kidole chako mwenyewe, umwambie ni wa msimu au ni wa jeraha, kisha ataje bei. Wapo watakaoondoka. Atakayenunua atarudi na ndugu zake.

Machi ikifika, mvua zikiwa zimenyesha vya kutosha, toa ile karatasi ya penseli uilinganishe na mpini. Ufa ukiwa umefungwa, usifanye lolote. Ukiwa umebaki mwembamba na kinachokusumbua ni vumbi linaloingia, saga vumbi kidogo la mti uleule, lichanganye na ile malai ya nta, ukandamize kwa ncha ya kijiti. Nta inakwenda na mti, na siku yoyote inaweza kutolewa bila kuumiza kitu.

Njumu ikiwa inacheza, hiyo ni kazi ya gundi, na wakati wake ni Aprili kuelekea Mei, mti ukiwa haujalowa sana wala haujakauka sana. Ikiwa imedondoka, kifunge kipande kwenye karatasi na ukiweke pamoja na kisu, pamoja na vibanzi vyake vyote. Fundi mzuri anahitaji hata kibanzi. Kipeleke kwa seremala anayefanya kazi ndogondogo, au kwa mchonga vinyago. Atakwangua gundi ya zamani mpaka aone mti, atapaka mpya kidogo, atazungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli kubana, na atakiacha mpaka kesho yake. Usimharakishe.

Ila kabla hajaanza mwambie yote: mafuta gani umepaka na lini, nta ilifika wapi, nani aliwahi kuweka gundi na ya aina gani, hata kama aliyeweka ni marehemu baba yako. Gundi haishiki juu ya nta. Fundi asipoambiwa atabana njumu vizuri, itaachia baada ya mwezi, na atailaumu mikono yake bure. Akijua, ataanza kwa kusafisha kingo kwa uangalifu mahali nta ilipofika, ataacha pakauke, ndipo atafungua gundi.